Dola Zilizokataliwa Kisumu

Wifi yangu alipofika Kisumu kutoka Zimbabwe, jambo la kwanza alilotaka ni kumnunulia mama mkwe samaki kwa pesa yake mwenyewe. Kaka yangu alibaki kazini Harare, kwa hiyo mwenyeji wake nikawa mimi.

Nilimpeleka mjini kubadilisha dola. Alitoa noti sita, laini kama tambara, nyingine zimeungwa kwa selotepu. Karani alizimulika moja moja, akarudisha tano.

"Hizi hatuchukui, madam."

"Lakini kwetu ndizo tunazonunulia mkate," wifi alisema.

Nilishangaa. Mimi nilijua dola ni za watalii. Njiani kwenda Dunga, kwenye soko la samaki ziwani, ndani ya tuktuk, akanieleza kwamba pesa yao iliporomoka hadi watu wakaikimbia, wakashika ya Wamarekani. Serikali imejaribu kurudisha ya nyumbani mara kadhaa, lakini sokoni dola bado ndiyo inayotakwa. Na kwa kuwa hawawezi kuzichapisha, zilizopo huzunguka tu mpaka ziraruke.

"Na chenji?" niliuliza.

"Chenji ni shida. Nunua nyanya za nusu dola, utarudishiwa kalamu au peremende."

Dunga tulimkuta mama akitungoja. Kwa miezi mingi alikuwa amenung'unika kwamba mwanawe ameoa mbali mno. Wifi alichagua samaki mkubwa, ngege, bado akipanua matamvua, akalipa kwa shilingi za ile noti moja iliyokubaliwa. Muuzaji akamrudishia chenji, noti na sarafu. Wifi akazikodolea macho kiganjani, kisha akacheka hadi akajifuta machozi.

"Huyu ana nini?" mama aliuliza.

Nilipomtafsiria habari ya kalamu na peremende, mama naye akashindwa kujizuia. Akafungua kibeti chake, akamwonyesha wifi sarafu moja moja, akimtajia majina yake kwa Dholuo, lugha yetu. Wifi akayarudia, akikosea, mama akimsahihisha, wachuuzi wakisogea kusikiliza.

Halafu wifi akaenda peke yake kununua omena, dagaa wa ziwani. Alihesabu sarafu kwa sauti, kwa Dholuo, zikatimia sawasawa. Muuzaji akamwongezea konzi nzima ya bure.

Jioni aliipika omena hiyo kwa siagi ya karanga, kama wanavyopika dagaa kwao. Mama alionja kwa mashaka, kisha akasogeza sahani.

"Niongezee, nyathina," alisema. Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo kabla.