Anastasie na Sahani ya Tisa

Katika mji mzima wa Baraka mwanamke aliyekuwa akitafsiri filamu kwa mikro, yaani maikrofoni, alikuwa mmoja tu, na watu wengi walimfahamu kwa sauti kabla ya kumfahamu kwa sura. Alikuwa akisimama sokoni kununua sombe, majani ya muhogo, muuzaji anamsikiliza anavyouliza, anainamisha kichwa kidogo, kisha anasema, “We njo ule mama wa sine.” Anastasie humjibu, “Njo mi,” na kuendelea kuchagua majani.

Asubuhi alishona. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa barazani, karibu na barabara inayopanda kwenda Fizi, na hapo alishona sare za shule na kanzu za wanakwaya. Saa nane mchana alifunika cherehani kwa kitambaa, akaenda kwenye sine ya Papa Lukmani. Kilikuwa chumba kirefu cha mbao na mabati, chenye mabenchi kumi na mawili, shuka jeupe ukutani na projekta iliyopumua moto kama tanuri. Filamu zilikuja kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Yeye aliketi kando ya shuka, mikro mkononi, akazigeuza papo hapo kuwa Kiswahili hiki chetu cha huku. Wanaume wa kazi hiyo hupenda kupayuka. Anastasie hakupayuka. Muuaji akisimama nyuma ya mlango, yeye alishusha sauti, akaishusha tena, mpaka watu wa benchi la mwisho wakawa wameinama mbele bila kujijua.

Filamu alizozipenda kuliko zote ni hizo za kutisha. Mama mmoja wa parokia alimwuliza siku moja kama haoni haya, mwanamke mzima kusimulia mauaji.

“Mauaji si mi niliyaleta,” Anastasie alimjibu. “Yalitukuta hapa mbele ya sine kufika. Ku filme, muntu mwenye amekufa anaamuka, anajifuta ile damu ya rangi, anaenda kula. Niache na hawa wangu benye banaamuka.”

Alizaliwa Swima, kandokando ya ziwa, mtoto wa tatu kati ya saba. Vita ilipofika, mwaka wa tisini na sita, alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake aliwapitisha kwenye matete usiku, na kila waliposimama aliwapapasa vichwa mmoja mmoja, akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Saba waliondoka, saba walifika ng’ambo, upande wa Kigoma. Wakaishi kambini miaka kumi na mmoja.

Huko kambini mjomba wake alikuwa na kibanda cha video, na humo ndimo Anastasie alimoiona filamu moja ya Noeli. Ilikuwa kanda ya zamani hata wakati huo, picha ikiruka na sauti ikikwaruza. Katika mji wa theluji, waimbaji wanane wa kanisa wanazunguka nyumba kwa nyumba usiku wa kuamkia Noeli, wamevaa majoho yenye kofia. Wanaingia katika nyumba ya wageni kupumzika, wanapewa chakula. Marta, mpishi wa nyumba ile, mwanamke mzee mwenye miguu iliyovimba, amepika kwa ajili ya watu wanane. Baadaye anaosha vyombo, anazihesabu sahani chafu, zinakuwa tisa. Anazihesabu tena. Hapo anaelewa kuwa kati ya wale waliovaa majoho kuna mmoja ambaye hakuja na wenzake. Kabla ya kupambazuka watu wengi wanakufa, maana hakuna anayemsikiliza mpishi. Lakini Marta hafi.

Anastasie aliitazama mara nne. Kisha akaanza kuisimulia bombani, kwa wanawake ambao hawakuwa na nafasi ya kwenda kwenye video. Foleni ya maji ilikuwa ndefu, na filamu ilikuwa ndefu, vilitoshana. Kiingereza alikisomea hapo hapo kambini, na mwalimu wake alisema hajaona mwanafunzi anayejifunza haraka hivyo maneno ya kuomba kuokolewa, yale ya kwenye filamu. Aliporudi Baraka alikuwa na binti mdogo mgongoni, Ketsia, na kazi ambayo hakuna aliyemfundisha.

Desemba iliyopita Papa Lukmani alimjia barazani akiwa na furaha.

“Mama Anastasie, ile filme yako ya bale baimbaji, bameifanya mupya. Mushemeji yangu ataileta toka Uvira.”

“Mupya namna gani?”

“Mupya. Rangi muzuri, sauti muzuri, bachezaji bengine. Tutaionyesha siku ya kesho yake ya Noeli.”

Anastasie aliacha kukanyaga cherehani. “Nataka niione kwanza.”

“Flashi itafika siku ileile, mama. Na we unaijua kwa kichwa.”

Hakubisha. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na baadaye alilikubali bila kuzunguka. Alikuwa na hamu mno. Kwa wiki mbili alipita sokoni na kipaza sauti akiwatangazia watu kwamba watamwona mama mzee aliyegundua muuaji kwa kuosha vyombo. Alipeleka habari mpaka Swima kwa Godelieve, muuza samaki, ambaye zamani kambini alikuwa akisimama nyuma yake kwenye foleni ya maji. Godelieve akajibu kwamba atakuja, na ataleta wenzake.

Siku yenyewe mabenchi yalijaa, na wengine wakasimama ukutani. Godelieve na wenzake watano walikaa benchi la kwanza, wamevaa vitenge vya sikukuu. Picha ilipotokea, watu waliguna kwa uzuri wake. Theluji ilikuwa nyeupe kweli, kila tone la nta kwenye mishumaa lilionekana. Anastasie alitafsiri kwa moyo wote. Marta akatokea jikoni. “Huyo njo yeye,” alisema kwenye mikro, na benchi la kwanza likacheka kwa kuridhika.

Mtu akaingia jikoni kwa nyuma, amevaa barakoa ya mbao. Marta hata kugeuka hakugeuka. Akauawa kwenye meza yake ya kukatia vitunguu, na jina la filamu likatokea juu ya mwili wake kwa herufi nyekundu.

Anastasie alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa sine ile kumsikia amenyamaza mahali ambapo hakuna mlango unaongojwa kufunguliwa.

Aliendelea, maana kazi ni kazi. Alitafsiri msichana mrembo aliyekuwa akikimbia ovyo kwenye theluji bila viatu. Alitafsiri polisi kijana aliyejua kila kitu. Hakuna aliyehesabu chochote. Waimbaji hawakuwa hata wanane, walikuwa kundi tu. Kisha muuaji akavua barakoa, muziki wa huzuni ukaanza, akaonyeshwa utotoni, ananyimwa zawadi ya Noeli. Akawa analia. Watu kwenye mabenchi walianza kuongea mambo yao. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti, “Ule mama atafufuka saa ngapi?”

Papa Lukmani alikuja akiinama mpaka kwenye kiti cha Anastasie. “Mama, bantu banachoka. Sema huyu binti njo Marta, wakati alikuwa kijana.”

“Marta amekufa, Papa. Bote bamemuona.”

“Basi sema ni mutoto yake. Weka chumvi kidogo. Si kila siku unaweka?”

“Chumvi tunaweka ku samaki mubichi,” Anastasie alisema. “Hii imeisha kuoza.”

Mikro ilikuwa haijazimwa. Wengine husema alisahau. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwamba alisahau. Chumba kizima kilisikia, kikacheka, na Papa Lukmani akasimama wima katikati ya mwanga wa projekta, theluji ikimwangukia usoni.

Anastasie naye akasimama. 

“Bandugu, bamama, mi njo niliwaita hapa. Niliwaambia mutaona mama mwenye anahesabu sahani. Hayuko. Bamemuua mapema ili nafasi ibaki kwa polisi na kwa machozi ya muuaji. Mi machozi ya huyu sitayatafsiri. Mwenye anataka kuangalia aangalie, picha iko safi. Lakini musiseme Anastasie aliwaambia iko muzuri.”

“Leta mikro,” Papa Lukmani alisema.

Anastasie akampa. Kwanza aliifuta kwa ncha ya kitenge, kama alivyoifuta kila siku akimaliza kazi. Papa Lukmani akamwita Bienfait, mtangazaji wa mechi za mpira, aliyekuwa amekaa nyuma. Bienfait akaja, akasita, akaomba radhi kwa macho, akaketi.

Nje jua lilikuwa kali. Anastasie alisimama kwenye upenu wa duka la misumari lililofungwa kwa sikukuu, asijue aende wapi saa ile ambayo kila siku alikuwa na pa kukaa. Mlango wa sine ukafunguka, Godelieve akatoka, na wenzake nyuma yake.

“Tumetoka Swima kwa miguu,” Godelieve alisema. “Hatutarudia nusu njia. Tuambie ile yenyewe.”

Wakakaa chini kwenye saruji. Anastasie akaanza na theluji, majoho na wale waimbaji wanane. Hakuwa na mikro wala picha. Kupitia mbao za sine waliisikia filamu mpya ikipiga mayowe, na Bienfait akijitahidi kuikimbiza kama mpira. Alipofika kwenye sahani, aliinua vidole, akazihesabu polepole, na kwenye ya tisa hakuna aliyepumua. Wanaume wawili walikuwa wametoka sine kuvuta sigara, hawakurudi ndani. Kabla ya mwisho upenu ulikuwa umejaa mpaka barabarani.

Akasimulia jinsi Marta alivyojibanza nyuma ya mlango wa jikoni na sufuria ya supu iliyochemka, akimngoja yule wa tisa, na jinsi alivyommwagia usoni, akavuka kizingiti kwa miguu yake iliyovimba na kuingia kwenye asubuhi ya Noeli.

Watu walishangilia. Godelieve peke yake alibaki amekunja uso.

“Supu haikuwako,” alisema.

“Ilikuwako.”

“Anastasie, na mi niliiona kambini. Mama alifunga mulango, akakaa kimya mpaka asubuhi. Njo vile alipona. Supu uliiweka we, kule ku bomba.”

 Anastasie alijaribu kuiona kichwani kanda ile, picha ikiruka, na kweli mlango aliuona, lakini sufuria hakuiona vizuri. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameibeba supu ile akidhani imetungwa na mtu mwingine. Na muda mfupi uliopita alikuwa amemkatalia Papa Lukmani chembe ya chumvi mbele ya watu wote. 

“Inawezekana,” alisema mwishowe. “Pengine niliiweka mi. Lakini sahani, alizihesabu ao hakuzihesabu?”

“Alizihesabu,” Godelieve alisema. “Ile alizihesabu sana.”

“Na habakumusikiliza?”

“Habakumusikiliza.”

“Basi. Supu nitaitoa. Sahani hakuna mwenye atanitolea.”

Mjini walisema mengi. Walisema amemwaibisha mtu mzima siku ya sikukuu. Ketsia, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi, alipiga simu. “Mama, ni filme tu.”

“Na shati ni shati tu. Ulishaona mi minashona ya mukono moja, kisha namwambia mwenyewe ni shati?”

Ketsia alicheka, lakini aliuliza kama ameshakwenda kuomba msamaha. Anastasie akasema hana mpango huo.

Januari ikapita, na Februari. Alishona tu. Haikuwa rahisi; ilipofika saa nane miguu yake ilisimama yenyewe, akalazimika kuikalisha. Alisikia kwamba Bienfait anafanya vizuri kwenye filamu za magari na bunduki, na aliposikia hakumsema vibaya, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kwenye zile za kutisha watu walikuwa wakicheka badala ya kuogopa.

Machi ilipoanza Papa Lukmani alikuja, akakaa kwenye ngazi ya baraza.

“Bantu banaulizia sauti yako,” alisema.

“Nitarudi. Lakini kila filme nitaiona kwanza. Na yenye haiko muzuri nitasema haiko muzuri.”

“Ku mikro?”

“Ku mikro.”

“Unataka kufunga sine yangu, mama.”

“Nataka bakuamini. Sasa hivi banakujia sababu ya mabenchi tu.”

Papa Lukmani aliinuka, akaondoka. Zilipita wiki mbili. Siku ya kumi na tano alirudi, akaweka flashi juu ya cherehani, kando ya mkasi. “Iangalie,” alisema. “Ya Jumamosi.” 

Jumamosi hiyo soko lilimsikia tena. “Ya leo mwanzo ni muzuri,” alitangaza kwenye kipaza sauti, akipita kati ya mafungu ya ndakala, wale dagaa wa ziwani. “Mwisho ni hovyo. Nimeiangalia mara mbili, ni hovyo mara mbili. Mukuye benyewe muone, kisha mubishane na mi.”

Papa Lukmani alisimama mlangoni amefumbata mikono, kama mtu anayengoja nyumba yake ianguke. Mabenchi yalijaa mapema. Filamu ilipokwisha na jenereta ikazimwa, watu hawakutoka. Mvuvi mmoja wa Kazimia, aliyekuwa Baraka kununua nyavu, alisimama katika mwanga wa mlango akasema kwamba, kwa heshima yote, mama amekosea, ule mwisho ni mzuri.

Anastasie alikivuta kiti chake katikati ya chumba. “Eleza,” alisema.