Nyasi Fupi za Mofu

Mume wangu aliiona nyumba hiyo kwenye simu. Ni ya duara: fito zinapishanishwa kama wavu mpaka zinakuwa ukuta, turubai gumu linavishwa juu yake, na katikati ya paa linaachwa tundu la hewa. Hakuna nguzo ya umeme wala bomba. Taa ni za sola, maji ni ya mvua, kwenye tenki. Akasema tutaijenga Mofu, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake, tukiache kile chumba chetu cha kupanga mjini, Mlabani.

Niliogopa tangu siku hiyo. Lakini nisimwonee. Hata hicho chumba, masika maji huingia mpaka chini ya kitanda. Na mimi nimekulia mjini, mjusi tu akidondoka kutoka darini ninapiga kelele. Kwa hiyo kila nilipotaka kumpinga nilijiuliza: hii ni akili inasema, au ni woga? Nimeishia darasa la saba, na mambo ya shamba hata hayo sikufundishwa.

Kiangazi tukaenda kupima, mtoto nimembeba mgongoni. Mavuno yalikuwa yameisha, ila mama mkwe alikuwa bado hajashuka kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti ambacho watu wa huku hulala msimu wa mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watu wa mjini mmefika! Nasikia mnajenga hema la harusi. Bwana harusi nani?"

Tukacheka, tukampita. Shamba zima matete yalikuwa yametuzidi kimo, isipokuwa sehemu moja kuelekea mtoni. Pale nyasi zilikuwa fupi, laini, sawasawa kama uwanja wa mpira.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Hata kufyeka hakuna. Mungu katufyekea."

Akapigilia kigingi, akafunga kamba, akaniambia nikishike kisilegee. Yeye akashika ncha ya pili, akawa anazunguka na jembe akichora duara la nyumba yetu.

Nikachuchumaa pale katikati. Nikawaza, kwani nani amefyeka? Nikadhani ng'ombe, lakini sikuona kwato. Pembeni kulikuwa na kichaka kilichorushiwa kinyesi kikavu, majani kwa matawi, mpaka usawa wa kiuno changu, kama fundi kapiga lipu. Na nyuma ya kichaka vilianza vijia viwili, bega kwa bega, katikati yake tuta la nyasi, vinashuka moja kwa moja mtoni.

Nikakisahau kigingi, kikalegea.

"Shika, bwana!"

Nikashika. Sikuwa na hakika. Nilisikia mtoto anapumua shingoni kwangu, nikamwona kichwani mwangu amelala ndani ya lile duara, kati yake na nje pana turubai tu.

"Baba," nikasema, "kiboko si anatoka usiku kula nyasi?"

"Mama mtoto! Juzi mjusi, leo kiboko? Kesho utaniambia tembo."

Nikamwonyesha kile kichaka kwa kidevu. Mume wangu alizaliwa hapa ila alilelewa kwa shangazi yake Kidatu, ndiko anakofanya kazi mpaka leo, kwenye miwa. Akaenda. Akavunja kijiti, akakinusa, akafuata vile vijia hatua chache. Aliporudi hakucheka wala kubisha, na hilo nampa haki yake. Aling'oa kigingi, akaikunja kamba.

"Twende," akasema kwa sauti ya chini, jua likiwa bado kali.

Mama mkwe alipoambiwa alijishika mbavu kwa kicheko. "Uwanja wa kiboko! Na mimi nimewaona muda wote huo, nikasema watoto wanapima bwawa la samaki."

Basi wakakubaliana, mama na mwanawe, kwamba nyumba itakaa jirani na dungu, ardhi ilikoinuka, na sakafu itapandishwa juu ya magogo, kimo cha dungu. Mimi niliulizwa, nikasema sawa.

"Ila ngazi," mama mkwe akasema, "jua likizama inavutwa juu, kiboko asije akaiangusha. Kila siku. Mvutaji nani?"

Mume wangu akanitazama. Juma zima yeye huwa Kidatu.

"Panda, mwanangu, ujaribu."

Nikapanda dunguni na mtoto mgongoni. Ngazi yake ni ya miti minene. Nikainama, nikaivuta mpaka usawa wa kifua, mikono ikaishiwa nguvu, ikaniponyoka na kudunda chini kwa kishindo. Mtoto akaamka akilia. Nikageuka kutazama kule kwenye nyasi fupi, sijui nilitegemea kuona nini. Mume wangu akaisimamisha tena ngazi.

"Tena," mama mkwe akasema.