Fomu Chini ya Kopo la Sukari

Mwanangu, kuna swali lililoninyima usingizi wiki tatu nzima, na nikikutajia sasa utacheka. Nilikuwa najiuliza hivi: nikimwomba baba yangu mdogo aweke sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba naishi nyumbani kwake, nitakuwa nimemtukana au sijamtukana?

Cheka tu. Na hilo neno mwanangu niruhusu nalo. Nina miaka ishirini na saba, juzijuzi ndiyo nimevaa joho, na mama yangu akisikia naita watu wanangu atauliza nimewazaa lini. Lakini kila Jumamosi hakosi kijana mgeni wa kunipigia simu kuuliza aanzie wapi kuomba chuo, na kila ninapomjibu najikuta nimerudi kwenye asubuhi ile ya kopo la sukari. Kwa hiyo nakuandikia mara moja, usome bila haraka.

Nakumbuka ilikuwa Jumapili, mwaka wangu wa pili Maryland. Nilikuja kwa green card ya bahati nasibu, na cheti changu cha kidato cha sita nilikipakata njia nzima kutoka Dar es Salaam kwa sababu niliwaza begi likipotea nitamthibitishia nani kwamba nilisoma. Ndivyo nilivyo. Wengine huwaza mara moja wakalala, mimi nawaza mpaka wazo lenyewe linachoka.

Baba mdogo alinipokea kwake Oxon Hill. Alikuwa dereva wa gari la kupeleka wagonjwa wazee kliniki, mtu wa maneno machache, anayepiga pasi hata soksi. Siku niliyofika alinipa ufunguo akasema, "Hapa ni kwenu." Na alimaanisha. Ndiyo maana kwa mwaka mzima na zaidi haikuingia nyumbani mle karatasi hata moja yenye jina langu. Umeme jina lake, maji jina lake, simu ya mezani jina lake. Kwetu mtoto hapangi kwa baba yake mdogo, sasa karatasi ingeandikwa ya nini?

Chuo cha kaunti ndicho kilichoihitaji. Nilipokwenda kuchukua fomu za kujiunga, dada wa dirishani aliniambia bila ubaya wowote kwamba wakazi wa kaunti wana ada yao na wageni wana ada yao, na ya wageni iko juu mno. Nithibitishe ninapoishi. Una bili yenye jina lako? Sina. Mkataba wa nyumba? Sina. Akanipa fomu moja ya ukurasa mmoja. Mwenye nyumba aijaze, aweke sahihi mbele ya mtu wa kugonga mhuri wa kiapo, irudi kabla dirisha la usajili halijafungwa. Nilikuwa na wiki tatu.

Palikuwa na mahali pa kutia alama kuhusu uhusiano wetu: mzazi, ndugu, mpangaji, mengineyo. Hapo ndipo nilipoharibu, mwanangu, na niliharibu kwa kufikiri sana. Nikitia mzazi, wao watasema ni uongo. Nikitia ndugu, watataka cheti cha kuzaliwa cha baba na cha baba mdogo waone kama mama yao ni mmoja, na vyeti hivyo, kama vipo, viko ndani ya sanduku la bibi Morogoro. Mengineyo ilitaka maelezo, na mimi nilikuwa naogopa maelezo. Ila mpangaji ni neno fupi, safi, ambalo ofisi yoyote ya Marekani inalielewa. Nikatia alama kwenye mpangaji. Nikajiona mwerevu kwa dakika kama kumi.

Kisha nikashindwa kumpa. Niliibeba ile fomu kwenye mkoba karibu wiki tatu, nikiandaa sentensi ya kuanzia. Jumapili ya mwisho kabla ya dirisha kufungwa nikaiweka chini ya kopo la sukari, mahali anapotengenezea chai yake kabla ya ibada, nikajifungia bafuni kusikiliza. Nilisikia kijiko kikikoroga. Kikaacha.

"Tunu. Njoo hapa."

Nikaja.

"Unanilipa kodi?"

"Hapana, baba mdogo."

"Nimewahi kukudai?"

"Hujawahi."

"Sasa hii kodi nimeila lini?"

Mke wake, ambaye naye alikuwa mezani, akajaribu kuokoa jahazi. "Mtoto anataka karatasi ya shule tu, jamani."

"Shule ipi? Hiki chuo ambacho kila anayekosa pa kwenda anakwenda?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Umepata Divisheni One, Tunu. Nimewaambia watu wote nyumbani kwamba utasoma chuo kikuu, pale College Park. Unataka nimpigie kaka nimwambie mwanaye kateremka? Subiri mwaka mwingine, tuombe chuo cha kueleweka."

Akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda nayo kanisani.

Unaona jinsi mambo mawili yalivyochanganyika? Nilikuwa nimemkosea kweli, kwa sababu nilimgeuza baba kuwa mwenye nyumba. Lakini ndani ya kosa langu yeye akaingiza la kwake, la aibu ya jina la chuo. Na mimi, kwa vile nilijua nimekosa, nikameza yote mawili. Jumatatu nilikuwa nimeshaamua kusubiri mwaka.

Aliyenizindua ni Mama Furaha. Tulifanya kazi zamu moja kwenye nyumba ya kulelea wazee, mama mtu mzima kutoka Uvira, Kongo, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Siku hiyo tulikuwa tunatandika vitanda. Nikamsimulia, nikitegemea anipe pole.

"Mutoto yangu," akasema, "ile karatasi uliiweka chini ya sukari juu ya nini? Sukari ndiyo itasema kwa nafasi yako?"

"Niliogopa, Mama Furaha."

"Uliogopa baba mudogo yako, ama uliogopa jibu?"

Nikageukia mto, nikaanza kuuvisha foronya.

"Shika hapo, vuta shuka." Nikavuta. "Miye nilikuwa mukubwa wa shule kule kwetu. Walimu kumi na mbili walikuwa wananiamkia. Leo navalisha bibi wa watu soksi, si mubaya, bibi ni muzuri. Lakini nilienda kwa ile biro ya chuo, kule ofisi yao, nilikuwa na miezi tatu tu hapa. Nikaona wote ni watoto, nikasema watanicheka. Nikarudia mulangoni. Iko miaka ine sasa. Na hakuna mutu alinikataza, unasikia? Hakuna hata mumoja. Weye unatafuta mutu wa kukukataza, na umemupata, na umefurahi."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Katika kukataliwa kule mezani nilikuwa nimepata unafuu. Baba mdogo amekataa, basi sitalazimika kukaa darasani na kusikika lafudhi yangu, sitalazimika kushindwa. Nilikuwa nimejificha nyuma ya heshima, na heshima haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Alhamisi jioni, siku moja kabla ya dirisha kufungwa, nilimkuta baba mdogo anaosha gari nje. Sikuwa na sentensi hata moja niliyoandaa. Nilisimama pale pale maji yanapotiririkia, viatu vikalowa.

"Baba mdogo, kuandika mpangaji nilikosa. Niliogopa maswali ya watu wa ofisi nikakuvunjia heshima. Naomba radhi."

Akaendelea kumwagia matairi.

"Naomba radhi kwa hilo tu," nikasema. "Kwa kutaka chuo kile siombi."

Maji yakakatwa. "Unasemaje?"

"Kesho saa nne naenda kujiandikisha. Ukija, tutajaza fomu nyingine, ya kweli. Usipokuja nitaanza na somo moja kwa ada ya mgeni. Mshahara wangu unatosha somo moja. Lakini naenda."

"Na kaka nimwambie nini?"

"Mwambie Tunu ameanza chuo. Au nipe kadi ya simu nimwambie mwenyewe."

Akanitazama kama anavyomtazama abiria aliyepanda gari lisilo lake. "Siku hizi umeota pembe."

"Nimeota, baba mdogo."

Akafungua maji. Sikujua kama amekasirika au anataka kucheka, na kwa mara ya kwanza maishani sikukaa kulichambua hilo.

Ijumaa asubuhi gari lake halikuwepo, alikuwa ameshaenda kazini. Nilipanda mabasi mawili. Saa nne nilimngoja mlangoni pa chuo, nikamngoja mpaka saa tano kasoro, nikaingia peke yangu. Dada wa dirishani alikuwa yule yule.

"Umeleta fomu ya ukazi?"

"Sina. Niandikishe kama mgeni. Somo moja, la uandishi."

"Una hakika? Ukisubiri muhula ujao na karatasi zako, utapata nafuu."

"Najua," nikamwambia. "Nataka muhula huu."

Akanisogezea karatasi. Nikaweka sahihi yangu.

Yaliyofuata nakupa kwa ufupi. Siku kadhaa baadaye barua ya chuo ilifika nyumbani, ya kwanza kabisa yenye jina langu juu ya anwani yake. Baba mdogo ndiye aliyeitoa kwenye sanduku, akaisoma bahasha akiwa amesimama kwenye majani, kisha akaja kuiweka chini ya kopo la sukari. Muhula uliofuata alinipeleka mwenyewe kwa mtu wa mhuri. Kalamu alishika yeye. Alitia alama kwenye mengineyo, na kwenye mstari wa maelezo akaandika kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hii. Walikubali. College Park nilifika, nikihamia kutoka chuo cha kaunti, mlango ule ule aliouita wa kuteremka. Na Mama Furaha nilimfuata kwake na fomu mkononi, nikamwambia leo mimi ndiye nimekuja kumkataza kusoma, na anibishie kwa kuijaza.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Ukikaa kwa ndugu, mwombe sahihi yake uso kwa uso, mapema, ukiwa umekaa, na umweleze kwamba wanaouliza ni watu wa ofisi, wewe humuulizi kitu. Usijiandike usichokuwa ili karatasi ikae vizuri. Ukikosa, omba radhi ya kosa lako lote, kisha uishie hapo hapo. Usiombe radhi kwa kutaka kusoma. Chuo cha kaunti si aibu ya mtu yeyote, na atakayekiita aibu mwache aseme, wewe uko darasani. Na siku uliyoitaja kuwa utakwenda, nenda, hata kama uliyemtarajia hakutokea mlangoni.

Mungu akupe sauti mbele ya unaowaheshimu. Akupe mkono wa kuweka sahihi yako bila kungoja mtu. Na barua yenye jina lako ikukute kwenye nyumba inayokuita mtoto.