Gerson Ajifunza Kumkosa Panya

Katika Lupaso nzima hakuna mtu anayetega panya kama Gerson, Baba Walter. Mimi ni jirani yake kwa miaka ishirini na tatu, na sisemi hivi kwa kumpenda, maana ana makelele na mbuzi wake wanakula mihogo yangu. Lakini haki ya mtu mpe. Gerson akitazama njia ya panya shambani anajua amepita saa ngapi na kama alikuwa na njaa. Anapinda kijiti, anafunga kamba, anapaka udongo pale alipogusa ili harufu ya mkono isisikike, anakwenda zake. Asubuhi kuna mboga ya panya. Wageni wa mikoa mingine wakikunja uso, tunawaachia mchicha wao.

Mkewe, Mabel, aliacha kucheka mwezi wa nne, aliporudi kutoka kumzika dada yake Theodora kule Newala. Ndugu hao walikuwa wakipigiana simu kila jioni, wanacheka mpaka sisi majirani tunaulizana kuna nini. Baada ya msiba Mabel alifagia, alipika, alikwenda kanisani, lakini chakula chenyewe akawa hali. Ukimpa pole anasema asante, basi. Gerson akakonda kuliko yeye. Siku moja alinijia akasema, "Mama Julia, mimi nataka acheke tu. Hata akinicheka mimi, sawa." Nilimwonea huruma, na mimi si mtu wa huruma za haraka.

Mtoto wao Walter, fundi simu mjini Masasi, akawaletea televisheni ndogo ya sola pamoja na flashi ya kwaya za kumfariji mama. Walipoichomeka, kwaya hazikuwemo. Alikuwa amebeba flashi ya watoto wake. Akatokea paka wa katuni anamkimbiza panya wa katuni, paka akakanyaga reki, mpini ukamtwanga usoni, akabaki bapa kama chapati.

Gerson akawaka. "Paka gani huyu? Mtego anauweka katikati ya sebule! Panya anapita kando ya ukuta, hata mtoto anajua!" Alisimama kabisa, anaifokea televisheni. Ndipo akasikia sauti nyuma yake. Mabel alikuwa anacheka, kajiziba mdomo kwa kanga.

Tukatazama siku tisa mfululizo. Sisi majirani wote tulikuwa upande wa paka. Panya mwenyewe alikuwa mnono, na kila akiponyoka tulisikitika kama tuliopokonywa kitoweo. Mabel peke yake alikuwa upande wa panya. Akaanza kula, kidogo kidogo. Siku ya kumi betri ikafa, na Walter akasema mpya itapatikana mwisho wa mwezi. Siku ya pili yake sahani ya Mabel ikarudi jikoni haijaguswa.

Gerson akaamua kwamba paka atakuwa yeye.

Panya alikuwepo, mmoja aliyekaa darini anakula karanga za mbegu. Gerson akauning'iniza mchi juu ya mlango kwa kamba, akamwaga karanga kizingitini, akajificha nyuma ya pipa. Mpango ulikuwa panya apite salama, mchi umwangukie Gerson. Alinieleza mwenyewe bila aibu. Mabel akakaa mkekani kutazama. Panya akatoka, na mkono wa Gerson, mkono uliotega miaka arobaini, ukamdaka kabla mwenye mkono hajafikiri. Akabaki kamshika mkia, nusura alie. "Nimemkamata," akasema. "Nimefanya nini mimi?"

Tukamla. Tungefanyaje?

Kesho yake akazunguka kijiji akiomba panya. Hapo mambo yakaharibika zaidi, kwa sababu hapa kwetu mtu akitaka panya unamletea panya. Mzee Sultani alileta sita, wamebanikwa kwenye vijiti, chumvi imekolea. Anjelina alileta wa nazi, bakuli limefunikwa kitambaa safi. "Nataka anayekimbia!" Gerson akapiga kelele. Sultani akamuuliza kwa upole, anayekimbia ana utamu gani zaidi? Jua lilipozama nyumba ile ilikuwa na panya wa kulisha harusi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukimbia.

Jumamosi alasiri Gerson alichukua mwiko akaanza kuizunguka nyumba mbio, peke yake. Alipiga hewa. Alirukia upepo. Akateleza kwenye mabibo yaliyooza, akaingia kichwa kwanza ndani ya tenga la kuku. Niliona aibu kwa niaba yake. Mabel alikuwa anapepeta karanga, uso mkavu.

"Baba Walter, unamfukuza nani?"

"Panya."

"Panya si tulimla Jumatano?"

"Najua," akasema. "Najua, Mama Walter. Mimi kazi yangu ni kukamata tu. Kukosa sijui."

Mabel akauweka ungo chini, akachota karanga konzi nzima, akazijaza mdomoni mpaka mashavu yakavimba, akajifunga kanga kiunoni, akatimua mbio.

Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, kiongozi wa akina mama wa kanisani! Alipotelea nyuma ya choo, akaibukia kwenye mkorosho, akammwagia mumewe ndoo ya maji ya vyombo. Gerson akamrukia akamkosa, na safari hii alimkosa kweli. Mabel alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, karanga zinamtoka mdomoni. Na mimi nililia, nimeshika ufagio wangu.

Mpita njia mmoja akapeleka habari kwamba Gerson anamkimbiza mkewe kwa mwiko. Wakaja mbio wazee wawili wa kanisa kusuluhisha, Mzee Isaka mbele, Biblia kwapani. Akasimama katikati ya uwanja, akanyoosha mikono.

"Wanangu," akaanza, "ndoa ni..."

"Shikamoo, Mzee Isaka," Mabel akasema, anahema. "Nipishe, ananifikia."