Mama Naoya Atafuta pa Kuanzia

Siku ya pili ya mwaka mpya Naoya alicheka. Si ule mguno mfupi wa kwenye simu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kama alivyokuwa akicheka utotoni, na mama yake Fumiyo akasahau chenza alilokuwa akimenya.

Walikuwa wameketi kuizunguka meza ya joto, miguu chini ya blanketi, theluji imepanda dirishani hadi nusu ya kioo. Naoya, aliyekuja kutoka Nagoya kwa siku chache tu, alikuwa akiongea na binamu yake Shunpei juu ya Wabebamoto, gemu ya televisheni ambayo vijana wa nchi ile wamekua nayo, toleo baada ya toleo, na sasa yamefika kumi na moja. Waliongea habari za daraja fulani, na muuza viatu mmoja mwongo, na joka lililomla Shunpei kwa sababu ya uroho wake. Fumiyo alitega masikio kama mtu anayesikiliza redio ya nchi ya mbali. Alitabasamu pale walipocheka, akayapanga machenza mbele yao, nao wakala bila kutazama.

Keshokutwa yake Naoya akapanda treni akarudi kazini, kwenye bohari la vipuri vya magari, na simu zikarudi kuwa zile zile. Unakula? Nakula. Huumwi? Siumwi. Kazi je? Ipo. Fumiyo aliuliza hayo kwa sababu ndiyo maswali aliyokuwa nayo. Kila asubuhi, kabla hajatazama hali ya hewa ya kwao Yamagata, alitazama ya Nagoya, akajua kama mwanawe anahitaji mwavuli, lakini huwezi kumpigia kijana wa miaka ishirini na saba kumwambia habari za mwavuli. Na kuhusu Obon, zile siku za Agosti ambapo hata marehemu hurudi kwao, Naoya hakuwa amesema lolote. Mwaka uliopita hakuja. Marehemu walikuja, yeye hakuja.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Fumiyo aliamua. Ataicheza hiyo gemu. Akiijua hata kidogo, siku moja simu ikilia atakuwa na neno jingine la kusema, na huenda akakisikia tena kile kicheko. Tatizo likawa pa kuanzia. Mtu hawezi kuingia katikati ya mazungumzo ya matoleo kumi na moja kama kuku aliyeingia msibani.

Aliuliza kwanza jikoni kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akipika. Wenzake walimcheka mpaka mvuke wa wali ukawaingia kooni. Bi Okuda, aliyekuwa akikata figili, hakuacha kukata.

"Mama Naoya, kusoma mfuko wa chumvi tu unatafuta miwani, leo unataka kupigana na majoka?"

"Majoka ni makubwa," Fumiyo akajibu. "Nitayaona."

Lakini Bi Okuda alikuwa mtu mwema, akamwulizia mumewe. Kesho yake akaja na jibu: aanze na ya kwanza. Mzee Okuda alikuwa ameinunua ujanani, akiishi bwenini kiwandani, wanne chumba kimoja, wakipokezana pedi, kile kidude cha kuchezea, zamu kwa zamu. Alisema anayeanza kwingine ni sawa na mgeni anayeingia dirishani. Fumiyo akauliza kama mzee aliimaliza. Bi Okuda akasema hapana, joka la darajani lilimshinda, na mpaka leo ukilitaja anakunja uso.

Akampigia Shunpei, mtoto wa kaka yake, akimwapisha asimwambie Naoya. Shunpei naye alicheka, kisha akasema kwa heshima kwamba shangazi asijitese, aanze na ya kumi na moja, ile mpya, zile za kale picha zake zitamuumiza macho. Alivyoisifu! Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, akajifungia nayo siku za mapumziko yote, akila tambi za kumwagia maji moto. Fumiyo akamwambia ale na mboga.

Mwisho akaenda duka la nyuma ya stesheni, lile la gemu zilizokwisha kutumika. Mwenye duka, Bwana Tsuge, alikuwa mtu wa makamo mwenye fulana ya sufu iliyochakaa viwiko. Fumiyo alisimama mbele ya rafu, kaseti za gemu zimepangwa kwa namba, akahisi kama mtu aliyeshuka stesheni asiyoijua. Bwana Tsuge hakumcheka. Alichomoa kaseti moja, akaifuta kwa mkono wa fulana.

"Ya tano, Mama. Wengine watakudanganya."

Alimsimulia kwamba aliicheza na mdogo wake majira baba yao alipokuwa Tokyo kujenga barabara, kama wanaume wengi wa huku walivyokuwa wakiondoka theluji ikianza kuanguka. Mama yao aliwaruhusu kucheza mpaka supu ichemke. Sasa mdogo wake yuko Hokkaido, na mkono wa Bwana Tsuge uliendelea kuifuta kaseti iliyokuwa imetakata zamani.

Fumiyo, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutazama watu kuliko kusema, akaliona jambo. Akawakumbuka Mzee Okuda na bweni lake, na Shunpei na mshahara wake wa kwanza.

"Kumbe kila ninayemuuliza njia," akasema, "ananielekeza kwao."

Bwana Tsuge aliacha kufuta. Akafikiri, akacheka taratibu. "Hiyo ni kweli. Na mwanao je? Kwao ni wapi?"

Fumiyo hakujua. Alijua namba ya viatu vya Naoya, alijua kwamba akila ngisi tumbo linamvuruga, lakini hilo hakulijua, na uso ukamwaka mbele ya mtu baki. Bwana Tsuge akairudisha ya tano rafuni, hakuuza. Akamwambia aende akatafute nyumbani kwanza, vitu vya watoto huwa havitupwi. Ila akamwonya: ndani ya kaseti za kale mna betri ndogo inayotunza safari za mchezaji, na nyingi zimekwisha kufa. Akikuta moto umezimika, safari zimefutika, asilie, si kosa la mtu.

Jumapili akafungua kabati la matandiko, akatoa magodoro, akaingia mwenyewe mpaka kiunoni. Nyuma kabisa palikuwa na boksi la machenza, na ndani yake mashine ya gemu, nyaya zimefungwa vizuri kwa uzi wa kushonea, na kaseti moja. Ya sita.

Hapo akakumbuka. Naoya aliomba ya saba, watoto wote darasani walikuwa nayo. Yeye alikwenda dukani mwisho wa mwaka, akasukumana na akina mama wengine, akamwambia muuzaji ampe Wabebamoto, akapewa, akalipa, akaja nayo nyumbani ikiwa imefungwa karatasi yenye utepe. Hakujua kama zina namba. Naoya aliifungua, akaitazama kidogo, akasema asante. Wala hakuomba nyingine. Aliicheza hiyo hiyo mpaka alama za vidole zikafuta rangi ya kaseti upande mmoja.

Mumewe Kiichi, dereva wa gari la kusukuma theluji wakati wa baridi na mchuma cheri wakati wa joto, aliacha gazeti akaja kuunganisha nyaya kwenye televisheni. Akaipuliza kaseti mdomoni, fuu, kama watoto walivyokuwa wakifanya. Fumiyo akamwambia hiyo ndiyo ilikuwa ikiziharibu.

"Sisi sote tuliambiwa," Kiichi akasema, "na sote tukapuliza."

Televisheni ikawa nyeusi, kisha ikatoa muziki mwembamba. Fumiyo akashika kifua. Muziki ule aliujua. Ulikuwa ukitoka chumba hiki hiki kila jioni alipokuwa mlangoni anavua viatu, na hakuwa amewahi kuuliza ni wa nini.

Palitokea majiko matatu, yote yana moto. Betri haikuwa imekufa. Shunpei alikuwa amemweleza mambo yalivyo: katika kila toleo kijana mmoja hubeba kaa la moto kutoka kwao, alipeleke kwenye mji ulioingia giza, na nyumbani hubaki mtu mmoja wa kutunza moto. Mchezaji ndiye huwapa majina na sura, msafiri na mtunza moto. Ukichoka au ukiumizwa unarudi kwa mtunza moto, naye anakuambia lile neno ambalo kila nyumba ya kule humwambia mtu aliyeingia mlangoni: Umerudi. Hapo safari yako inahifadhiwa. Na kila jiko linaloonekana mwanzoni ni safari moja.

Chini ya majiko paliandikwa kwamba hakuna nafasi. Anayetaka kuanza azime moto mmoja.

Kidole kilichochorwa kwenye televisheni kilikuwa kwenye jiko la kwanza, na jina likaonekana: Naoya. Fumiyo akaiweka pedi sakafuni.

"Zima mmoja," Kiichi akasema. "Mwenyewe sasa ana ndevu."

"Wewe hujui anatunza nini humo."

"Basi kanunue nyingine kwa Tsuge."

Fumiyo hakutaka nyingine. Nyingine ingekuwa kwao mtu mwingine. Akachukua simu, akamwandikia Naoya ujumbe, akaufuta, akauandika tena, mwisho akabakiza maneno machache: nimeikuta Wabebamoto yako, nataka kuanza, majiko yamejaa, nizime moto upi? Akautuma kabla woga haujamrudia. Kisha akajilaumu. Mtoto anafanya kazi, Jumapili yake moja, mama anamsumbua kwa mambo ya gemu.

Hakujibiwa. Akaosha mchele. Akaanika nguo, akazianua kwa sababu ya wingu lisilokuwa na mvua. Televisheni aliiacha inawaka, akawa anapita mbele yake kama mtu anayechungulia mtoto mchanga amelala. Jua lilipofika kwenye mikeka ya upande wa bustani, simu ikalia. Naoya mwenyewe ndiye aliyepiga, jambo ambalo Fumiyo hakukumbuka lini lilitokea mara ya mwisho.

"Mama, umegusa kitu?"

"Sijagusa. Nimekaa mbali na hiyo pedi, baba yako ni shahidi."

"Amekaa mbali utadhani ina umeme," Kiichi akasema kutoka upande wa pili wa meza.

Naoya akacheka. Kidogo, lakini kilikuwa kile kicheko. Akauliza kama kweli mioto bado inawaka, yote mitatu, akauliza mara mbili. Kisha sauti yake ikashuka.

"Usizime hata mmoja. Chukua pedi. Shuka mpaka jiko la tatu."

Fumiyo akabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayebonyeza kengele ya watu asiowajua.

"Soma."

Msafiri: Mama. Mtunza moto: Naoya.

Aliyasoma maneno hayo, akavua miwani, akaivaa tena. Naoya akaeleza, bila lawama, kama anayesimulia mambo ya mtoto wa jirani. Aliuwasha moto ule alipokuwa darasa la tatu, siku zile akirudi shuleni na ufunguo shingoni kwa kamba, mama yuko kiwanda cha kushona mpaka jioni. Alikuwa na safari zake mbili. Ya tatu alimwandalia mama, waanze pamoja. Alimwambia. Mama akasema Jumapili.

"Jumapili ipi?" Fumiyo akauliza.

"Jumapili tu, Mama."

Fumiyo akaona mlango wa nyumba hii, yeye anaingia na mifuko, vidole vinamuuma kwa sindano. Katika nyumba hii yeye ndiye aliyekuwa akisema nimerudi. Na kutoka mbele ya televisheni, bila kugeuza kichwa, sauti ndogo ilikuwa ikimjibu: Umerudi. Kila jioni. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mtoto alikuwa akingoja. Alidhani anacheza.

Alitaka kumuuliza habari za Obon. Swali lilikuja mpaka kwenye meno, akalimeza. Akauliza akitoka nyumbani aelekee wapi.

Naoya akachangamka. Mashariki, afuate mto. Asimsikilize yule muuza viatu, ni mwongo. Akifika darajani asivuke, ampigie simu kwanza, hapo peke yake hawezi.

"Na nikifika darajani kabla ya Agosti?"

Nyuma ya Naoya gari lilipita, gari la Nagoya.

"Basi ningoje," akasema. "Likizo nimeomba, hawajanijibu. Lakini ningoje hapo hapo."

Walipoagana, Fumiyo akaingia katika jiko la tatu. Pakatokea chumba kidogo, moto katikati, mwanamke mfupi wa nukta nukta amesimama, na mbele yake kijana mdogo ameketi. Mlango ulikuwa chini ya chumba, uko wazi, mashariki iko nje. Fumiyo akamsogeza yule mwanamke, si kwenda mlangoni, akamsogeza karibu na moto, akabonyeza.

Naoya: Umerudi.

Kiichi akauliza kutoka jikoni kama bado hajatoka tu nyumbani, joka litakufa kwa uzee likimsubiri.

"Natoka sasa hivi," Fumiyo akasema, akabonyeza tena.