Kielezi Kimoja cha Uongo

Nikisikia panga likikatakata shina la mgomba, chwa! chwa! chwa!, hata leo mwili hunisisimka. Narudi darasa la tano, nyumbani kwetu mlimani, juu ya Kiboriloni, bandani kwa ng'ombe.

Kaka yangu Eliamani, wa miaka kumi na minne, alikuwa akikata mgomba wa kulisha ng'ombe. Panga likateleza kwa utomvu, likamkata ndama aliyesimama karibu mguu wa nyuma hadi mfupani. Ikabidi baba amchinje. Baba alinung'unika siku mbili, akanyamaza. Ilikuwa ajali; mimi nilikuwapo nikaiona, na sote tulijua.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili akatupatia insha ya kuandika. Nikaandika: "Kaka alimkata ndama." Mwalimu akaipigia mstari mwekundu.

"Sentensi kavu kama makande yasiyoungwa! Kaka wa namna gani? Ndama gani? Alimkataje? Vivumishi viko wapi? Vielezi je?"

Basi nikaiunga. "Kaka yangu mwenye hasira kali alimkata ndama mnyonge kwa makusudi, chwa!, damu ikaruka kama maji ya mfereji." Nikapata kumi na nane kwa ishirini. Nilikimbia njia nzima kumwonyesha baba.

Baba alisoma polepole, akifuatisha maneno kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye "kwa makusudi." Akafunga daftari, akavuka uwanja, akaokota fimbo ya mti wa kahawa. Alimpiga Eliamani mgongoni, miguuni, kichwani, mpaka fimbo ikavunjika, akaendelea kwa ngumi. Mama alijitupa katikati, akasukumwa akaangukia mawe.

"Baba, hakukusudia!" nililia. "Niliongeza tu! Ni kielezi!"

"Kielezi ndiyo nini?" alifoka bila kugeuka.

Kaka alitoka damu sikio la kushoto. Haikuruka. Ilichuruzika taratibu, nyembamba, nami sikuwa na neno la kuipamba.

Sikio lile halikusikia tena. Sasa Eliamani anauza mahindi Holili, na ukitaka kuongea naye ukae kuliani kwake. Mwaka juzi nilikaa kuliani, nikamwomba msamaha.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe ulikuwa mtoto unatafuta alama. Baba alikuwa mtu mzima. Mbona hakuniuliza hata swali moja?"

Miaka yote nilikuwa nimelibeba neno lile peke yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kutoka kwenye daftari hadi kwenye fimbo palikuwa na hatua kama ishirini, na baba alizipiga zote bila kusimama.