Nani Amechinja Mbuzi wa Bibi

Nilikwenda Uluguru kwa sababu mama alishindwa kwenda. Miguu yake ilikuwa imevimba, na arobaini ya bibi, mama yake mzazi, ilikuwa imekaribia. Wengi wenu hapa Ngerengere mnanijua: mimi ni Felista, yule wa mitumba karibu na stesheni, anayekunja shati moja mpaka mteja anachoka kusubiri. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Mengine yote niliyasoma kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi, nikiwa na binamu yangu Shabani, ambaye kwa mila yetu ya Kiluguru si binamu bali ni kaka, kwa kuwa mama zetu wametoka tumbo moja.

Bibi alikuwa na watoto watatu. Mkubwa ni Mama Mwanaidi, mama yake Shabani, aliyebaki katika Uislamu wa bibi. Wa kati ni Mjomba Kaspari, aliyebatizwa alipokuwa shule ya misheni. Wa mwisho ni mama yangu, aliyebatizwa alipoolewa. Ukoo ukabaki mmoja. Karamu ikifika, anayechinja ni mtu wa upande wa Kiislamu, ili wote tule, na wajomba wa Kikatoliki wanashika miguu ya mnyama. Baba yake Shabani ndiye aliyekuwa akichinja. Alipofariki, kisu kikaenda kwa Shabani.

Sasa habari zilizoshuka na wauza ndizi zilikuwa mbaya. Shabani amejiunga na vijana wa ustadhi mmoja wa mjini, anasema arobaini ni uzushi na hatachinja. Mjomba Kaspari naye amejibu kwamba atachinja mwenyewe, siku hizi kila kitu ruksa. Akichinja yeye, Mama Mwanaidi hataweza kula kwenye arobaini ya mama yake.

"Usiniletee maneno mengi," mama aliniambia. "Ukirudi nitakuuliza kitu kimoja tu. Nani amechinja."

Alfajiri, stesheni ya Ngerengere, nilipanda treni la Morogoro. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba ya kumwambia Shabani. Niliipanga, nikaibomoa, nikaipanga tena, mpaka mzee aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nasali. Nikasema ndiyo, maana niliona aibu kusema kwamba nafanya mazoezi ya kuzungumza na ndugu yangu.

Morogoro mjini, karibu na soko, nilisimama kununua mkate wa kumpelekea Mama Mwanaidi. Miaka hiyo ya soko huria kaseti zilikuwa zimezagaa kila kona. Vijana wawili walikuwa wameweka meza zao bega kwa bega, mmoja anauza mawaidha ya Kiislamu, mwingine mahubiri ya Kilokole. Redio ya huyu ilikuwa inaitukana dini ya yule, na redio ya yule inajibu. Wenyewe walikuwa wanakunywa kahawa kwa kupokezana kikombe.

"Punguza basi, mteja wangu hasikii matusi yetu," alisema wa kwanza.

"Anzeni nyie kupunguza, tatizo lenu mnapenda kelele," alijibu mwenzake, na wote wakacheka.

Nilicheka nao. Baadaye, nikiwa njiani, nilikumbuka kwamba kaseti zile haziuzwi pamoja na kile kikombe. Anayezinunua anakwenda nazo nyumbani, anazisikiliza peke yake.

Barabara ya Bigwa, nilipata lori lililokuwa linapanda kufuata ndizi. Tulipita Kiroka katika vumbi jekundu, nimekaa juu ya matenga matupu pamoja na mama mmoja mfanyabiashara, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Ngerengere, mama."

"Wa Ngerengere! Nyie si ndio mnaamshwa na treni, likichelewa mnalala mpaka adhuhuri?" Alicheka mpaka matenga yakatikisika. Nilipomtajia kijiji ninachokwenda, kicheko kikakatika. "Kule bomba lilikatwa. Ndizi za kitongoji cha juu sasa tunapakia mbali na za kitongoji cha chini. Hawataki hata kushika tenga moja."

Kijiji chenyewe sitakitaja hapa, kwa sababu watu wake wapo.

Mkuyuni niliteremka na kuanza kupanda kwa miguu. Njia inapita kwenye migomba na minanasi, halafu mikarafuu, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopoa. Nilipofika kitongoji cha chini, penye kanisa, nilikuta bomba la maji limefungwa kwa kitambaa, limekauka. Kina mama walikuwa wanateka mtoni. Nikapanda kuelekea kitongoji cha juu, penye msikiti na nyumba ya Mama Mwanaidi. Kabla ya kufika nilivua rozari shingoni nikaitumbukiza mkobani. Naliandika hili kwa sababu nimeapa kuandika yote.

Jioni hiyo Mama Mwanaidi alinipokea kwa kunikumbatia, halafu akanishika kidevu na kunitazama shingoni.

"Rozari yako iko wapi?"

Niliushika mkoba.

"Ulidhani itaniunguza? Mama yako alikuwa anaanika yake kwenye kamba yangu pamoja na nepi zako. Vaa, mwana wee, usinitie uchizi."

Niliivaa, nikiwa nimeona haya mpaka masikio yanawaka. Kisha akakaa kwenye kigoda, akasema kwa sauti ya chini, "Shabani anaondoka baada ya arobaini. Wanakwenda kambi fulani huko Pwani, hasemi wapi. Mwanangu nilimjua hata akikohoa. Sasa ananisalimia kama mgeni wa serikali. Wewe anakusikiliza, Felista."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Shabani kwenye chanzo cha maji, juu ya kijiji, mahali maji yanapotoka kwenye mwamba na kuingia kwenye bomba. Alikuwa amekonda, ndevu zimeanza kushika. Alitabasamu aliponiona, na kwa muda mfupi akawa yule yule.

"Dada wa maandazi," alisema.

"Kaka wa maandazi."

Nilianza hotuba yangu. Sikufika mbali. Aliniacha niseme, kisha akaniuliza kwa upole, "Maji haya yanatoka kwenye shamba la nani?"

"La bibi. La ukoo."

"Na bomba linatoa maji wapi?"

Niligeuka nikatazama kitongoji cha chini.

"Hakuna hata bomba moja huku juu, dada. Tulichimba mtaro sisi, mawe tumebeba sisi. Nilipouliza, Mjomba Kaspari akasema mambo yaliamuliwa kwenye mkutano. Mkutano upi? Ule unaotangazwa baada ya misa na kufanyika pale pale uwanjani pa kanisa. Siku moja nilisikia kwa bahati, nikateremka. Nilikuta watu wanakunja viti. Mzee mmoja akaniambia, mbona ilitangazwa? Kwa hiyo mimi niende kwenye misa ili nijue habari ya maji yanayotoka kwetu?"

"Lakini kukata bomba, Shabani..."

"Sikukata mimi. Alikata Idi, rafiki yangu, na mgambo wakampiga mpaka akatema damu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ustadhi alipokuja alimuuliza. Aliniuliza na mimi, jina langu nani, naona nini. Mtu mzima, dada. Alikuwa wa kwanza kuniuliza." Alichovya mkono majini. "Anasema bomba lilikuwa mazoezi tu."

"Mazoezi ya nini?"

Alitazama chini bondeni, kwenye bati la kanisa linalomeremeta.

"Huyo aliyekuuliza jina lako," nilisema, "anajua kwamba chini ya bati lile wapo mjomba wako na watoto wake?"

"Anajua."

"Na wewe?"

Aliinamisha kichwa. Macho yalikuwa yamelowa, au ni maji ya mwamba, sina hakika. "Nyie mnanikumbuka kwenye kuchinja tu," alisema. "Mbuzi akiwepo, aitwe Shabani. Maji yakiwepo, Kaspari."

Hotuba yangu yote niliyoipanga tangu Ngerengere ilikuwa inahusu mbuzi.

Mchana niliteremka kwa Mjomba Kaspari, mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilimkuta ananoa kisu barazani, ametoa shati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umekuja kunizuia? Umechelewa, jiwe limeshalowa."

Nilimweleza aliyosema Shabani, isipokuwa lile neno la mazoezi. Lile sikuthubutu, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Mjomba alisikiliza huku akinoa.

"Nani aliwakataza kuja mkutanoni?" aliuliza.

"Nani aliwaambia waje, mjomba?"

Aliacha kunoa.

"Ilitangazwa," alisema.

"Kanisani."

"Ndiko watu waliko!" Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Nilimwona anayasikia. Alitazama kisu, akatazama juu, kwenye kitongoji alichozaliwa. Mjomba si mtu mbaya. Katika hesabu zake watu wa juu walikuwa ndugu wa kula nao, na haikuwahi kumpitia kichwani kwamba ni watu wa kuamua nao.

Alasiri alivaa shati, akapanda nami. Watu walitoka milangoni kumtazama. Mama Mwanaidi alipomwona kaka yake aliziba mdomo kwa kanga. Shabani alisimama, akamwamkia kama inavyotakiwa.

"Nimekuja kukualika mkutanoni," Mjomba alisema. "Wewe na Idi na wenzenu. Uwanja wa shule, si kanisani. Mtasema yote, hata ya kunitukana."

"Lini, mjomba?"

"Jumamosi."

"Jumamosi sipo."

"Ahirisha safari, mwanangu."

"Mngekuja mwaka jana," Shabani alisema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka. "Mbuzi nitachinja. Kwa ajili ya mama, ale kwenye arobaini ya mama yake. Si kwa ajili yako."

Siku ya arobaini kulikuwa na ukungu mpaka jua lilipopanda. Dua ilisomwa upande wa msikiti, na Wakatoliki walikaa kwenye mikeka ya nyuma, vichwa wameinamisha. Shabani hakuingia kwenye dua. Alipoitwa alikuja, akamwelekeza mbuzi kibla. Mjomba Kaspari alipiga magoti akashika miguu, kama alivyofanya zamani kwa baba yake Shabani. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba pumzi ya mmoja ilimfikia mwingine. "Bismillahi, Allahu Akbar," Shabani alisema, na kisu kikapita mara moja.

Alikifuta kisu kwa jani la mgomba, akampelekea mama yake. Mama Mwanaidi aliweka mikono nyuma, hakutaka kukipokea. Shabani alisubiri kidogo, kisha akakilaza kwenye kizingiti, akainama akambusu mama yake kichwani, akachukua begi lililokuwa nyuma ya mlango. Mimi nilimfuata mpaka kwenye mikarafuu.

"Kula kwanza," nilimwambia. Katika maneno yote duniani, ndiyo niliyoyapata.

"Rudi, dada. Wasikukose na wewe."

Chakula kilipoiva, tulikula wote kwenye sinia za pamoja, wa juu na wa chini, kama bibi alivyotaka. Mama Mwanaidi alipakua sahani moja, akaifunika kwa kawa, akaiweka ndani. Yeye mwenyewe hakugusa nyama. Tulimbembeleza, akasema meno yanamuuma.

Jumamosi nilibaki kwa ajili ya mkutano. Ulitangazwa msikitini, kanisani, na kwenye mashine ya kusaga, ambako kila mtu hufika. Watu wa juu walijaa uwanja wa shule. Kulikuwa na kelele, watu walinyoosheana vidole, Mjomba alitukanwa kama alivyoahidi, akakaa kimya akapokea. Mwisho wakakubaliana bomba litengenezwe na tawi lianzie kitongoji cha juu. Idi, mwenye kovu jipya kwenye nyusi, aliingizwa kwenye kamati. Aliposimama kushukuru alitafuta kwa macho mtu fulani kati ya watu, hakumwona, akakaa.

Nilirudi Ngerengere jua likiwa linazama. Mama alikuwa amekaa barazani, miguu juu ya kigoda. Hakusubiri hata niweke mkoba chini.

"Nani amechinja?"

"Shabani."

Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema, neno la utotoni mwake, ambalo nilikuwa sijalisikia kinywani mwake miaka mingi. Nilitamani kuishia hapo. Nilikuwa nimelijibu lile swali moja, bila kosa hata kidogo, na kwa mtu kama mimi hilo ni jambo kubwa.

Lakini mama alifumbua macho.

"Na alikula na nani?"

Nilikaa chini karibu na miguu yake. Treni la jioni lilikuwa linaingia stesheni, nikalisubiri lipite, ingawa nilijua kwamba likishapita nitapaswa kumjibu.

Ndilo nililojifunza safari hii, na nawaachia ninyi wa nyumbani: swali la pili la mama ndilo lililopaswa kuwa la kwanza, na tulipaswa kuliuliza tukiwa bado na Shabani.